Foleni Si Mkutano

Bweni la Pili, Chumba 14
4 Machi

Kaka mpenzi,

Shikamoo. Umesema hutaki simu, unataka barua, eti kwenye simu mimi ndiye ninayeongea na wewe unaambulia "haloo" ya kwanza na "haya, kwaheri" ya mwisho. Sawa. Kalamu hii hapa. Usije tu ukalalamika kwamba bahasha ni nzito.

Chuo kimefunguliwa na sisi wa Bweni la Pili tumerudi kwenye mateso yetu. Chumba chetu kina vitanda vinne na wasichana saba. Mimi nalala na binti wa mwaka wa kwanza, kichwa changu kwenye miguu yake, na huyo binti akiota anakimbia. Kwa hiyo chuo kilipotangaza kwamba kitajenga bweni jipya la wasichana kwenye uwanja wa mpira, tulipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kuuliza nani anaolewa.

Sasa sikiliza. Unazikumbuka zile Ngazi za Maktaba nilizokusimulia? Kila Jumatano mchana mtu yeyote anaruhusiwa kupanda ngazi ya tatu na kusema lililo moyoni, awe mwanafunzi, mpishi au profesa. Chuo kimekuwa hivyo tangu zamani. Jumatano iliyopita akapanda msichana wa mwaka wa tatu, sote tunamwita Golikipa kwa sababu ndiye mlinda mlango wa timu ya wasichana. Mrefu huyo, na mikono yake inafika kabla yeye hajafika. Akaanza: "Bweni lisijengwe uwanjani."

Kaka! Sisi tumebanana kama njiti kwenye kiberiti, yeye anataka mahali pa kurukia mpira! Hakufika sentensi ya pili. Watu walipiga sufuria, watu wakapiga miluzi, watu wakaimba. Alisimama pale dakika kumi nzima, anafungua mdomo, anaufunga, kisha akashuka. Tulimshinda kabisa. Nimerudi chumbani nimevimba kichwa.

Msalimie Mama. Mwambie koti limenitosha.

Mdogo wako,
Cherehani


Kinyozi, nyuma ya soko
13 Machi

Cherehani, mdomo usioishiwa uzi,

Marahaba. Barua imefika, nzito kweli. Nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wateja, maana siku hizi hakina foleni.

Nimefurahi kusikia habari za bweni. Hakuna anayestahili kupigwa teke usoni na mtu aliyelala. Lakini nina maswali mawili, na usinicheke, mimi ni kinyozi, ya chuo siyajui.

La kwanza. Umeniandikia kurasa tatu. Umenieleza urefu wa huyo msichana, na mikono yake, na jinsi alivyofungua mdomo na kuufunga. Hujaniambia alitaka kusema nini. Kwa nini bweni lisijengwe uwanjani? Au hata wewe hujui?

La pili. Umeandika "watu walipiga sufuria." Watu gani? Nimekulea tangu unatambaa, na kila siku uliyovunja kikombe hapa nyumbani ulinijia mbio ukisema, "Kaka, kikombe kimevunjika." Kikombe chenyewe, kwa miguu yake. Hukuwahi hata mara moja kuniambia aliyekivunja.

Mama hajambo, goti tu linamsumbua anapopanda ngazi. Ameniomba nimwachie nafasi nyuma ya karatasi hii na amekataa katakata nisione anachoandika. Bahasha ataifunga mwenyewe. Mimi nimemwacha, nani anamweza Mama?

Soma kwa bidii. Kula.

Kaka yako

(Nyuma ya karatasi, kwa mwandiko wa Mama:)

Mwanangu, kaka yako anakufundisha vizuri sana. Hebu naye mwulize, kile kibao alichopachika mlangoni mwa duka kinasema nini? Mimi sisemi. Mama.


Bweni la Pili
22 Machi

Kaka,

Shikamoo. Kikombe nimekivunja mimi.

Sufuria ilikuwa yangu, ile ya kuchemshia chai aliyonipa Mama. Mwiko wangu. Wimbo niliutunga mimi nikiwa nafua, na una beti tatu, sitakuandikia hata mmoja. Wengine walinifuata tu.

Sasa sikia kilichotokea. Jumatatu tumeamka tukakuta tangazo kwenye kila ubao. Mlezi wa Wanafunzi, yule mama anayesimamia maisha yetu na nidhamu yetu hapa chuoni, mwenye miwani ya mnyororo, ameandika kwamba kwa sababu ya "vurugu na makelele" Ngazi zimefungwa. Hakuna mkutano wa wanafunzi, ndani wala nje, bila kibali. Kibali kinatolewa na kamati. Kamati haijaundwa. Wamefunga kamba kutoka nguzo hii hadi ile. Mahali ambapo watu wamesema tangu mimi sijazaliwa, nimepafunga kwa mwiko.

Wenzangu wanasema, "Wewe una wasiwasi gani? Si tumeshinda?" Mimi chakula hakipiti.

Basi juzi nikaenda kumtafuta Golikipa. Nilimkuta uwanjani kwenye mazoezi, amesimama golini. Akaniona kwa mbali.

"Wewe si yule wa sufuria?"

"Ndiye mimi."

"Leo umeiacha?"

"Nimeiacha."

"Basi pita nyuma ya wavu, usije ukapigwa na mpira."

Nikapita nyuma ya wavu. Viatu vikajaa maji. Nikangoja mazoezi yaishe, kisha nikamwuliza swali lako, neno kwa neno: "Siku ile ulitaka kusema nini?"

Alinitazama kuona kama namtania. Halafu akasema, "Tazama miguu yako."

Nikatazama. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo.

"Mvua ilinyesha jana, saa moja tu," akasema. "Mimi nimesimama kwenye goli hili miaka mitatu. Maji ya chuo kizima yanashukia hapa. Wakijenga hapa, nyinyi wa chumba cha chini mtaogelea mkiwa na mashuka. Ndicho nilichotaka kusema. Nilitaka kusema wajenge kule juu nyuma ya karakana, na wajenge kubwa kuliko hilo wanalolipanga. Hata mimi nalala na mtu kitandani. Unadhani goli lina godoro?"

Kaka, masikio yaliniwaka moto. Nikamwomba samahani. Akavua glovu zake moja baada ya nyingine, taratibu, akasema, "Samahani yako nimeisikia. Lakini mimi nilikuwa nawaambia watu mia mbili. Sasa nimemwambia mmoja."

Tumekubaliana kuandika barua kwa Mlezi, yeye na mimi, tuombe Ngazi zifunguliwe. Golikipa ataandika, mwandiko wake unasomeka.

Na kibao je, Kaka? Kinasema nini?

Cherehani


Kinyozi
2 Aprili

Cherehani,

Marahaba. Kikombe nimekipokea, vipande vyote. Haikuwa rahisi kuandika sentensi ile ya kwanza, najua. Nimeisoma nikakujivunia kuliko siku uliyofaulu mtihani wa kuingia huko.

"Goli lina godoro?" Nimecheka peke yangu dukani mpaka fundi viatu wa jirani akachungulia. Huyo msichana mshike.

Kwa kuwa mnaandika barua ya watu wawili waliogombana, nikwambie jambo la Baba ambalo wewe hulikumbuki, ulikuwa mdogo alipofariki. Kiti hiki kilipokuwa chake, wateja walibishana kuanzia anafungua mpaka anafunga. Mpira, dini, soko, nani aliyeoa vibaya. Hakuna aliyewahi kurusha ngumi. Baba alikuwa na sharti moja tu. Ukitaka kumjibu mtu, kwanza rudia alichokisema, mpaka mwenyewe aseme "ndivyo." Asiposema "ndivyo," huna zamu. Niliwaona watu wazima wakijaribu mara tano, jasho linawatoka chini ya kitambaa. Wengine wakifika kwenye "ndivyo" wanakuta hasira imekwisha. Wengine wanakuta imezidi, lakini angalau sasa wanagombana kuhusu jambo moja.

Jaribuni.

Kibao ni kibao tu. Kinaonyesha saa za kufungua. Mama siku hizi anapenda kuchokoza watu.

Kaka yako


OFISI YA MLEZI WA WANAFUNZI
Kumb. Na. MW/NGZ/07
9 Aprili

Kwa wanafunzi wawili walioandika,

YAH: MAOMBI YA KUFUNGULIWA KWA NGAZI ZA MAKTABA

Tafadhali rejeeni barua yenu ya tarehe 26 Machi kuhusu mada tajwa hapo juu.

Ofisi imestaajabu kuona kwamba barua hiyo imetiwa saini na aliyezomewa pamoja na aliyezomea. Imewekwa kwenye jalada kama kumbukumbu.

Hata hivyo, nasikitika kuwafahamisha kwamba maombi yenu hayakukubaliwa. Ofisi haijaridhika kwamba wanafunzi wa chuo hiki wanaweza kusikilizana bila kutumia vyombo vya jikoni.

Mnakumbushwa kwamba mkutano, kwa mujibu wa kanuni, ni watu zaidi ya watano waliokusanyika mahali pamoja kwa nia ya kusikiliza hotuba.

Nawatakia masomo mema.

Mlezi wa Wanafunzi


Bweni la Pili
20 Aprili

Kaka!

Shikamoo, shikamoo tena, na kaa chini.

Mlezi alitukatalia, nadhani nilikwambia kwa ule ujumbe mfupi. Mimi nililia. Golikipa hakulia. Aliisoma ile barua mara tatu, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho mwisho.

"Waliokusanyika kwa nia ya kusikiliza hotuba," akasoma. "Sisi kwenye foleni ya chakula tumekusanyika kwa nia gani?"

"Ya kula."

"Basi foleni si mkutano."

Foleni ya bwalo letu, Kaka, inaanzia dirisha la jikoni, inazunguka tangi la maji, inaishia kwenye kamba za nguo. Dakika arobaini kila mchana watu wanatazama kisogo cha aliye mbele. Jumatatu tulisimama katikati, yeye mbele, mimi nyuma yake, tukaanza, kwa lile sharti la Baba, kwa sauti ya kawaida tu.

Nikasema, "Bweni lijengwe uwanjani kwa sababu pale pamekwisha sawazishwa, na kazi itaanza mwezi huu."

Akasema, "Unasema tukianza kutafuta mahali pengine, wewe utamaliza chuo bado unalala kwenye miguu ya mtu, na waliokuahidi watakuwa wamekwisha kusahau. Ndivyo?"

Nilishtuka. Mimi mwenyewe sikuwahi kulisema vizuri namna ile. "Ndivyo," nikasema.

Ikawa zamu yangu kurudia lake. "Unasema unaupenda mpira na..."

"Sivyo."

"Unasema uwanja una maji."

"Nusu."

Watu wakaanza kugeuka. Kijana mmoja wa uhandisi mwenye ovaroli akashindwa kuvumilia: "Mwache, mimi nimemwelewa! Anasema bweni likijengwa vibaya ni baya kuliko kukosa bweni, kwa sababu likishajengwa hawatajenga lingine."

"Ndivyo," akasema Golikipa, na yule kijana akainua mikono kama aliyefunga bao.

Jumanne tulikuwa kumi. Jumatano sikuwahesabu. Kufika Alhamisi foleni nzima inarudiana maneno, kutoka dirishani mpaka kwenye kamba za nguo, na si habari za bweni tu. Kuna waliokuwa wanabishana kama wanaume wajifunze kufua nguo zao, na msichana mmoja alimfanya mchumba wake arudie mara sita. Waliokwisha chukua chakula walirudi mwisho wa foleni wakiwa na sahani mkononi, eti hawajamaliza. Mpishi akalalamika kwamba maharage yanapoa, kisha akajiegemeza dirishani akataka naye kupewa zamu.

Ijumaa akaja Mlezi. Ana sahani mkononi. Foleni yote ikafa ganzi.

"Huu ni mkutano?" akauliza.

"Hapana, Mama," akasema Golikipa. "Tunasubiri maharage."

"Mnasubiri maharage kwa sauti."

"Ndiyo, Mama."

Watu walimpisha aende mbele. Akakataa. Akasimama nyuma yangu mimi, Kaka, nyuma yangu kabisa, nasikia mnyororo wa miwani unagongana na vifungo. Tukasogea hatua moja. Mbili. Kisha akasema, kama mtu anayejisemea, "Lakini nyinyi hamtaki kuelewa kwa nini nilizifunga Ngazi."

Wewe unanijua. Mdomo ulitangulia. Nikageuka nikasema, "Mama, ukitaka kutujibu, kwanza urudie tulichosema sisi."

Golikipa alinikanyaga mguu, na ana kiatu kizito. Nilifikiri hapo ndipo masomo yangu yameishia. Mlezi akavua miwani.

"Mnasema mnataka uhuru wa kusema lolote, popote," akasema.

"Sivyo, Mama," akasema Golikipa kwa heshima zote.

"Mnasema nilikosea kuwaadhibu waliopiga kelele."

"Nusu, Mama."

Mtu mmoja nyuma akacheka akajifanya anakohoa. Mlezi akaifuta miwani. Kisha, polepole: "Mnasema mtu mmoja alinyamazishwa siku moja, na mimi nikawanyamazisha wote siku zote."

"NDIVYO!" Foleni nzima. Mpishi alipiga upawa kwenye meza.

Ikawa zamu yangu sasa, maana sharti ni la wote. Nikasema, "Na wewe unasema siku ile ulikuwa dirishani. Ulimwona msichana mmoja amesimama peke yake mbele ya watu mia mbili, na hakuna hata mmoja aliyesema mwacheni amalize. Ukaogopa kwamba safari nyingine itakuwa mawe."

Akarudisha miwani machoni.

"Umejuaje kama nilikuwa dirishani?"

"Nilikuona, Mama. Nilikuona, na nikaendelea kupiga."

"Ndivyo," akasema. Akachukua maharage yake akaenda kula peke yake kwenye meza ya pembeni. Hakuniambia neno lingine, la heri wala la shari. Leo ni siku ya nne. Sijui tumefukuzwa au tumesikika. La ajabu ni kwamba nalala usingizi, hata na miguu ya yule binti.

Mdogo wako,
Cherehani


Kinyozi
1 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Leo mimi ndiye nina kikombe.

Kibao hakisemi saa za kufungua. Kinasema: HAPA NI KUNYOA TU. MABISHANO MARUFUKU. Nilikiandika mwenyewe, kwa rangi nyekundu, mwezi wa kwanza wewe ukiwa hapa nyumbani likizo, nikakipachika siku uliyoondoka ili usikione.

Kisa ni hiki. Mwalimu, yule mzee mstaafu mwenye kofia ya kijivu, aliyenyolewa hapa tangu enzi za Baba, alibishana na muuza viatu kama soko lihamishwe au libaki. Wakavutana kitambaa. Kioo kikapata ufa. Nikakasirika nikaandika kibao. Mwalimu akarudi wiki moja baada ya wewe kuondoka, nikamnyoa upande mmoja, akakisoma kwenye kioo kinyumenyume, akasema, "Baba yako asingeweka kitu hiki."

Nikamwambia, mbele za watu: "Basi nenda kanyolewe na Baba."

Alivaa kofia juu ya nywele zilizonyolewa nusu, akatoka. Na mimi nikakuandikia wewe barua za kukufundisha kusikiliza.

Tangu siku ile duka limekuwa kama chumba cha mtihani. Wateja wamehamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya soko, yule anayewakata watu masikio. Wanasema heri sikio lichubuke kuliko kukaa kimya nusu saa.

Jumapili nilikuwa namsomea Mama barua yako. Nilipofika pale pa Mlezi, "nikawanyamazisha wote siku zote," Mama alisonya. Akanitazama. Nikakunja barua. Nikachukua mkasi, kitana, kitambaa na brashi, nikaenda kwa Mwalimu kwa miguu.

Alifungua mlango mwenyewe, amevaa kofia.

"Umekuja kunyoa au kubishana?"

"Vyote viwili, Mwalimu. Na kuomba radhi kwanza, kwa lile neno la Baba."

Akavuta kiti kimoja barazani, akakaa, akavua kofia. Nywele zimeota upya, lakini ule mstari wangu bado unaonekana. Nikamfunga kitambaa nikaanza.

"Ulisema kibao ni kibaya," nikasema.

"Sivyo."

"Ulisema mimi si kama Baba."

"Sivyo kabisa. Wewe unanyoa vizuri kumshinda. Baba yako alikuwa na mkono mzito."

Nikakwama. Nikakata upande wa kushoto wote. Yeye ananingoja, kama alivyokuwa akiwangoja wanafunzi. Nikamtazama mzee yule kwenye baraza lake, viti vinne na vitatu havina mtu. Ndipo nikaelewa.

"Ulisema utapakosa," nikamwambia. "Tangu ulipostaafu hakuna anayekupinga. Nyumbani wanakuitikia tu, ndiyo Babu, sawa Babu. Kiti changu ndicho mahali pekee ambapo bado kuna mtu anakwambia umekosea."

Mabega yake yalitikisika chini ya kitambaa. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Labda vyote.

"Ndivyo," akasema. "Na shika huo mkasi vizuri, hilo ni sikio."

Kibao Mama amekichukua, anafunikia pipa la maji, maandishi yametazama chini. Jana duka lilijaa mpaka fundi viatu akaniletea benchi lake. Mwalimu na muuza viatu walikuwa kwenye jaribio la nne bila "ndivyo," na mimi nilikuwa na furaha kiasi kwamba nimemnyoa mteja mmoja ndevu alizotaka kuzifuga. Amenisamehe. Ila kwanza alinifanya nirudie alichokuwa ameniagiza.

Usinicheke sana.

Kaka yako


Bweni la Pili
14 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimekucheka sana, nimemsomea Golikipa naye amekucheka, kisha tukapasoma tena pale pa viti vitatu. Msalimie Mwalimu. Mwambie huku yuko mtu angempinga bure kila siku.

Kibali kimekuja! Hakikuja na kumbukumbu namba wala "yah." Mlezi alikileta mwenyewe kwenye foleni, kikaratasi kilichokunjwa, kwa mkono wake: "Kamba imefunguliwa. Jumatano, saa saba mchana. Atakayemkatiza mwenzake nitamtoa mimi." Na saini.

Ngazi zilijaa jana mpaka watu wakakaa kwenye ukuta wa bustani. Golikipa akapanda ngazi ya tatu. Kimya. Kimya cha watu mia tatu, Kaka, hakuna anayekohoa. Na yeye, ambaye huruka miguuni mwa washambuliaji bila kufumba macho, akaganda! Makelele aliyazoea, kimya hakukizoea. Akafungua mdomo, akaufunga. Niliwahi kuiona picha ile ile. Nikasimama nikasema, "Tunakusikiliza. Anza na miguu."

Akacheka, na sauti ikatoka. Alieleza maji yote, kila goli, kila mvua, mwezi kwa mwezi. Aliyefuata alikuwa kijana anayetaka bweni uwanjani hata kama ni la kuogelea. Alirudia ya Golikipa sawasawa, akasema yake mpaka mwisho, hakuna aliyekubaliana naye, akashuka anacheka na watu wakampigia makofi.

Halafu akapanda mhandisi wa majengo ya chuo, mtu mpole mwenye ramani kwapani. Akasema ni kweli, uwanja unashika maji, na michoro yake haikuonyesha hivyo. Lakini nyuma ya karakana hapafai pia, pamepita bomba kuu la majitaka. Golikipa hakuwa anajua. Akarudia hoja ya mhandisi mwanzo hadi mwisho, bomba na vyote, akapewa "ndivyo" mara ya kwanza, akasema mbele za watu wote, "Basi pale nilikosea." Akakaa.

Huku maji, kule majitaka. Mlezi akawa anatazama saa.

Ndipo mama anayetunza bustani, yule mwenye buti za njano, akainua mkono pamoja na jembe. Yuko hapa miaka ishirini na miwili na sijawahi kumsikia akisema zaidi ya "msikanyage."

"Kwani zile stoo za zamani, zenye mabati yaliyoanguka, zina kazi gani?" akauliza. "Mimi namwagilia pale. Maji hayakai hata dakika, ardhi inayameza. Nimesema siku nyingi, lakini nasema na maua."

Mhandisi akaitandaza ramani papo hapo kwenye ngazi. Upepo ukaikamata. Watu wanne wakavua viatu wakaziwekea pembe zake uzito, na mmoja wao alikuwa Mlezi. Wakainama wote, mhandisi, Golikipa, mama wa bustani ananyoosha kidole chenye udongo, na mimi nimebanwa katikati siwezi hata kusema, hebu fikiria.

Hakuna kilichoamuliwa. Mhandisi ataenda kupima, kisha Baraza la chuo litakaa, na linaweza kukataa. Bado nalala na miguu ya yule binti, na jana ameota anapanda mlima. Lakini tulikaa pale mpaka kengele ya saa tisa, na hakuna aliyetaka kuondoka. Watu walishuka Ngazi wanaongea na watu wasiowafahamu. Golikipa alinishika bega kwa ule mkono wake wote akasema, "Leo nimefungwa bao moja safi sana," na alikuwa anatabasamu kutoka sikio hili hadi lile.

Sasa nina shida na nahitaji msaada wako. Jumatano ijayo mada ni kwamba mihadhara ya saa moja asubuhi ifutwe. Wanaotaka ifutwe wamejiandikisha arobaini na tatu. Wa kuitetea hakuna hata mmoja, na Golikipa, ambaye Mlezi amempa kazi ya kupanga wasemaji, anasema upande usio na msemaji hauwezi kujibiwa, kwa hiyo hakutakuwa na mjadala, kutakuwa na sherehe tu. Akanitazama. Nikajikuta nimeinua mkono.

Mimi, Kaka! Mimi ambaye Mama alikuwa ananimwagia maji ndiyo niamke!

Nimekaa kwenye meza hii tangu chai ya asubuhi na ukurasa bado mweupe. Wewe unafungua duka kabla jua halijatoka. Niambie, kwa heshima ya Baba, kuna uzuri gani wa kuamka mapema? Hoja moja tu. Na iandike vizuri, maana nitasimama mbele ya chuo kizima na kuisema kana kwamba naiamini, na nahofia nikishaisema sana nitaiamini kweli.

Mdogo wako akupendaye,
Cherehani